Naomba ushauri: gia 5 za Suzuki GP100 kwenye pikipiki ya Suzuki A100

Wakuu, habari zenu. Niko Tabora mjini. Nina Suzuki A100 ya marehemu baba, tu-stroki ya gia 4, ndiyo iliyobeba asali yake kutoka Sikonge miaka yote. Gia ya tatu imekula meno, spea sijapata. Nimepata injini ya GP100, krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) imekufa ila gia zake 5 ni nzima kabisa.

Nataka kuhamisha seti nzima pamoja na shafti. Beringi, ngoma ya gia (inayosogeza gia unapobadilisha) na gia ya kiki vitakaa bila kuchonga? Sproketi ya mbele itanyooka na ya nyuma? Lazima injini ipasuliwe katikati, na sili za krenki zikiumia nguvu inapotea, kwa hiyo natamani niifungue mara moja tu. Aliyewahi kufanya anisaidie, tafadhali. Pikipiki ya baba kuiuza siwezi.