Shingo inaniuma, huu mwezi wa tatu sasa, kwa sababu ya simu, mazoezi yanasaidia kweli?

Mlandizi: Habari za usiku wakuu. Naombeni ushauri, matusi sitaki. Nauza nguo za watoto za mtumba kwa simu. Asubuhi napiga picha, mchana najibu wateja, usiku naingia laivu mpaka saa 6. Kwa siku simu iko mkononi kama masaa kumi, nimekaa kitandani nimeinama. Sasa shingo imekaza kuanzia kisogoni mpaka bega la kulia. Mtu akiniita kutoka upande huo nageuka mwili mzima. Duka la dawa walinipa diklofenaki na dawa ya kuchua, zikiisha maumivu yanarudi palepale. Swali langu ni moja: mazoezi ya shingo yanaponya au napoteza muda? Na msiniambie niache simu, ndiyo jembe langu.

Kisiki cha Mpingo: Mama zetu walibeba ndoo za maji kichwani kilomita tatu na hakuna aliyelia shingo. Kizazi hiki kinainamia kioo kutwa nzima, hata salamu hakijui. Punguza tamaa, mwili una haki yake.

Msambaa Halisi: @Kisiki, ndoo inakaa juu ya kichwa kilichosimama wima. Simu inakiinamisha. Hivyo ni vitu viwili.

Babu wa Lori: Mimi nimeendesha lori Dar–Tunduma miaka 14. Shingo ilinikamata pale Mikumi, nikashindwa kuangalia kioo cha pembeni. Mke wangu alinikanda kwa maji ya moto na chumvi siku tano. Ila Tunduma ya siku zile, foleni ya mpakani unalala siku nne, mchele mnapikia chini ya tela...

Pingili Saba: Dada au kaka, nipo idara ya fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi, mwaka wa tisa huu, nilisomea hospitali ya KCMC Moshi. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 na nusu hadi 5 na ushee. Mwaka 2014 daktari mmoja wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwamba ukikiinamisha nyuzi 60, mzigo unaofika shingoni ni kama kilo 27. Ni hesabu ya kitaalamu, hakupima watu, lakini picha unaipata: zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Mazoezi yanasaidia, ndiyo. Kwanza nijibu: maumivu yanashuka mkononi? Kuna ganzi?

Mlandizi: Asante. Ganzi kidogo tu, si sana. Nitumie mazoezi.

Dogo Janja wa Pwani: Zoezi la kwanza: mteja akiuliza "bei?" wakati bei umeiandika kwa herufi kubwa, tikisa kichwa kulia na kushoto mara kumi 😂

Pingili Saba: Kidogo ni wapi? Kidole kipi, tangu lini? Umeshaangusha kitu?

Mlandizi: Gumba na kidole cha shahada, mkono wa kulia. Wiki ya tatu. Juzi chupa ya chai iliniponyoka. Sikusema kwa sababu najua mtanituma kupiga MRI, ile picha ya mashine ya ndani ya mwili, na hela sina. Halafu, niseme ukweli, kuna kijana wa saluni huku kwetu anavunja shingo, unasikia inalia ko! Nimeshampa elfu arobaini, Jumamosi namalizia nyingine arobaini. Jirani yangu alitoka pale anageuza shingo kama bundi. Kwa hiyo sioni kama nimekosea sana.

Pingili Saba: Jumamosi usiende. Nakuomba. Ganzi ya gumba na kidole cha shahada pamoja na shingo hiyo inaweza kuonyesha mshipa wa fahamu unabanwa pale unapotokea shingoni. Aliyeuminya kwa ghafla bila kukupima anaweza kuuzidisha. Tena ndani ya pingili za shingo hupita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo, ikichanika ni kiharusi. Hutokea mara chache, lakini aliyepatwa harudishiwi. Nenda hospitali ya Tumbi, Kibaha, uliza fiziotherapia. Tunaanza na mikono yetu: nguvu ya kiganja, hisia, nyundo kwenye kiwiko. MRI si tiketi ya mlangoni.

Kwa sasa, kaa mgongo ukiwa ukutani. Rudisha kichwa nyuma kama droo inayoingia, bila kuinama wala kuangalia juu, kidevu cha pili kitokee. Hesabu mpaka tano, achia. Mara 10, kutwa mara tatu. Misuli ya ndani ya mbele ya shingo imelala, ya nyuma inabeba peke yake, ndiyo maana inakaza. Kisha vuta makombe ya mabega yakaribiane nyuma, kama unabana kalamu katikati, tano tano hivyo hivyo. Ganzi ikipanda kutoka vidoleni kuelekea begani, ni dalili nzuri hata kama shingo inauma. Ikizidi kushuka, acha. Jipe wiki sita mpaka nane, si siku mbili. Mkono ukiishiwa nguvu, vifungo vikikushinda, miguu ikiyumba au mkojo ukakataa, ni hospitali saa hiyohiyo.

Na diklofenaki miezi mitatu? Inaweza kutoboa tumbo na kuchosha figo. Mweleze daktari.

Jicho Kavu: Wakuu hii ni chai. ID hii mwezi uliopita kwenye uzi wa bodaboda iliandika "sisi wanaume tunaolala barabarani". Leo anauza nguo za watoto kitandani. Na huyo "mtaalamu" anaandika kama kitabu. Subirini, kesho mtaletewa namba ya kununua mto wa shingo.

Dogo Janja wa Pwani: Chai ya rangi au ya maziwa?

Kisiki cha Mpingo: Nilijua tangu mwanzo.

Msambaa Halisi: Hukujua chochote, ulikuwa kwenye ndoo.

Pingili Saba: Sina mto wa kuuza. Hata akiwa mtunzi, humu wapo kumi wenye ganzi hiyo hiyo wanaosoma kimya.

Mlandizi: ID ni ya mume wangu, bodaboda ni yeye. Nimeingilia yake kwa sababu yangu nimesahau nywila. Ganzi sikuitaja kwa sababu hiyo pia, huwa anapita humu na sijamwambia. Hiyo elfu themanini ni ya ada ya mtoto. Basi, mmejua.

Babu wa Lori: Pole mwanangu. Mwambie leo, asisome kwa watu. Na huyo kijana arobaini hairudishi, namjua wa aina yake. Akuchue mabega tu, deni liishe.

Pingili Saba: Mabega sawa, taratibu. Shingo asiiguse.

Mlandizi: Nimefanya ile ya droo mara kumi hapa ukutani. Gumba bado, ila kidole cha shahada kama imepungua. Nimemwita aje tuongee akimaliza kuegesha pikipiki. Wateja wa laivu wananisubiri nusu saa sasa, leo simu nimeiweka juu ya kabati la vyombo, nauza nimesimama.