Ukoo wa Bibi Ghati: kiduha shamba la chini

Rhobi: Shikamooni wakubwa. Nimetoka shamba la chini saa hii, kiduha, lile gugu la kwenye mahindi, kimejaa upande wa mtoni na kimeanza kutoa maua ya zambarau. Naomba Jumamosi tukang'oe wote kabla mbegu hazijapukutika, mche mmoja tu unaweza kumwaga mbegu elfu 50 na zaidi, ndogo kama vumbi, na zinakaa ardhini miaka 10 na kuendelea zikisubiri mahindi

Rhobi: Naona mmesoma

Marwa: Maua yenyewe si mabaya, tupia picha niweke status 😂

Bhoke: Mpelekee mchumba 😂😂

Rhobi: Jamani mahindi yananyauka na mvua ipo! Hiki kinanyonya kwenye mizizi, mpaka ukione juu kimeshakula chini kwa wiki kadhaa

Baba mdogo: Shamba halijaona samadi tangu ng'ombe wauzwe. Nilisema.

Bhoke: Baba mdogo tusirudi huko

Baba mdogo: Narudi. Hela ilienda wapi?

Rhobi: Naomba watu na magunia, ya ng'ombe tuyaache. Tukishang'oa tuchome, tusitupe kwenye mpaka. Na msimu ujao katikati ya mahindi tuweke desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, mizizi yake inaamsha mbegu za kiduha halafu inazizuia kushika mizizi ya mahindi, zinakufa. Kule Mbita Kenya wamefanya miaka mingi, na majani yake ni chakula cha ng'ombe

Marwa: Ng'ombe gani tena dada 🙈

Mama Wankuru: Nilikuwa kazini ndo naona, kuna msiba??

Rhobi: Hapana shangazi, panda juu usome

Simu ya Bibi: Bibi kaniambia niandike hivi. Kiduha kilishaingia pale enzi za mtama, babu yenu akaacha nafaka akaweka karanga na pamba, watu wakamcheka. Mtu asipande mahindi pale mpaka nifike nione mwenyewe. Nyamhanga aje. Na Mwita wa ng'ombe aje.

Baba mdogo: Shikamoo mama. Nimesikia.

Rhobi: Basi Jumamosi saa 12 asubuhi
1. Rhobi
2. Bhoke
3.

Marwa: Niandike ila nitachelewa, nina mzigo wa Musoma

Baba mdogo: Jumapili je?

Rhobi: Maua hayasubiri baba mdogo

Mama Wankuru: Natuma nauli ya vijana wawili. Hiyo mbegu ya desmodiamu inauzwa wapi?

Rhobi: Kesho namuuliza bwana shamba. Kaka Mwita, umeona ya Bibi?