Raifo ya bolti iliyotumika ya kuwindia kulungu: nikague nini dukani?

MtuWaKigoma
Wakuu, habari za jioni. Niko Lancaster, Pennsylvania, nina green card, na kozi ya uwindaji nimeshamaliza. Mwaka huu nataka kuingia msituni msimu wa kulungu. Bajeti yangu ni dola 450, na humo humo itoke darubini. Duka la silaha karibu na kazini kwangu lina raifo mbili za bolti (komeo la chuma unalovuta kwa mkono kupakia risasi) zilizotumika: Savage 110 ya risasi za .30-06, na Remington 700 ya risasi za .270 ya miaka ya zamani, kitako cha mbao kinang'aa hadi unajiona. Moyo uko kwa hiyo ya pili. Silaha niliyoizoea ni gobore la babu tu, hizi za kisasa sizijui. Nikague nini nisije nikauziwa chuma chakavu?

DadaWaPittsburgh
Kaka, kwa pesa hiyo mimi ningenunua mpya ya bei nafuu, Savage Axis inayokuja na darubini yake. Ukinunua iliyotumika unanunua na siri za mtu.

FundiWaErie
Dada ana hoja, lakini raifo ya bolti ina vitu vichache vya kuharibika, na vingi unaviona kwa macho. Wawindaji wengi huku hufyatua risasi chache sana kwa msimu. Unakuta bunduki ina miaka 30 kabatini na mtutu bado mzima.

MtuWaKigoma, kitako kinachong'aa kiweke pembeni kwanza. Mbao haipigi kulungu, mtutu ndio unapiga. Omba ruhusa ya muuzaji, fungua bolti, hakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, kisha ichomoe bolti yote. Elekeza mtutu kwenye mwanga na uchungulie kutokea upande wa chemba. Mistari inayozunguka ndani iwe na kingo kali, ing'ae mpaka mwisho. Vumbi au mafuta meusi yasikutishe, hayo yanasafishika. Ukiona vishimo vyeusi vilivyoliwa na kutu, rudisha bunduki kaunta.

Halafu mdomo wa mtutu. Hapa wengi hawaangalii, na ndipo risasi inapoagana na bunduki. Kijeraha kidogo tu upande mmoja kinatosha kuivuta risasi pembeni. Chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kizungushe taratibu kwenye ukingo wa ndani. Pamba ikinasa mahali, pana kasoro.

Tazama na vichwa vya skrubu za kitako na za vishikio vya darubini. Vikiwa vimetafunwa na bisibisi, kuna mtu alikuwa akijaribu ufundi nyumbani. Muulize alichofungua.

Mwisho triga, na hili naomba ulichukulie kwa uzito. Bunduki ikiwa tupu, mtutu umeelekea salama, muuzaji ameruhusu: koki, weka kufuli ya usalama, vuta triga kwa nguvu, iachie, kisha toa kufuli bila kugusa triga. Ikifyatuka, usiinunue kwa bei yoyote ile. Mwaka 2014 kampuni ya Remington iliziita zirudi kiwandani raifo za 700 zenye triga ya aina ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2006 na Aprili 2014, kwa kuwa zingeweza kufyatuka bila kukusudiwa. Za kabla ya hapo zenye triga ya Walker zilikuwa na kesi mahakamani kwa miaka mingi. Hiyo uliyoipenda ikiwa bado na triga yake ya asili, mimi nisingeichukua mpaka fundi wa silaha abadilishe, na gharama hiyo inakula hela ya darubini.

MtuWaKigoma
Asante sana mkuu. Kwa hiyo nielekee kwenye Savage? Nimesikia .30-06 inapiga bega vibaya.

FundiWaErie
Inasukuma, ndiyo, lakini mtu mzima anaizoea. Angalia mpira wa mwisho wa kitako kama bado laini. Ukishakauka na kupasuka, badilisha. Risasi zake zinapatikana karibu kila duka la uwindaji, na katika misitu yetu kulungu wengi hupigwa chini ya yadi 100, hivyo darubini ya ukuzaji wa 3 hadi 9 inakutosha kabisa. Anza kulenga yadi 25, ukishaipata sogea 100. Mtutu mwembamba ukipata moto risasi hutawanyika, kwa hiyo piga tatu, acha upoe.

Siku ya kununua beba green card na kitambulisho cha jimbo chenye anwani unayoishi. Utajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua silaha, na duka litaulizia rekodi yako kwa polisi wa jimbo.

DadaWaPittsburgh
Na nguo ya rangi ya machungwa inayong'aa usiisahau, kaka. Sheria inataka inchi 250 za mraba kichwani, kifuani na mgongoni kwa pamoja. Msimu wa raifo unafunguliwa Jumamosi baada ya Thanksgiving, sikukuu ya Shukrani ya Novemba, na msitu unajaa watu.

MtuWaKigoma
Nimepita dukani leo. Pamba haikunasa popote kwenye Savage, na mtutu unang'aa. Ila skrubu moja ya kishikio cha darubini imetafunwa.

FundiWaErie
Moja tu, na mtutu mzima? Mwambie aitoe mbele yako. Ikitoka bila kuharibu nyuzi za tundu lake, akuwekee mpya na akupunguzie bei. Ikigoma, subiri nyingine.