Nimeachishwa kazi bila notisi, meneja anasema sina changu, nianzie wapi?

Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri. Nimefanya kazi stoo kwenye kampuni moja hapa Dar miaka mitatu na kitu, mshahara kila mwisho wa mwezi unaingia kwenye simu, mkataba wa maandishi sijawahi kupewa. Wiki iliyopita nafika getini mlinzi ananiambia jina lako limetolewa, nampigia meneja anasema wamepunguza watu. Nikauliza hela ya notisi, ananijibu huna mkataba notisi ya nini. Leo wameniita nisaini karatasi kwamba sidai chochote ndo wanipe mshahara wa siku nilizofanya. Kodi inaisha na mtoto anaanza shule, nimechanganyikiwa kwa kweli.

Kuli_Mstaafu: Pole sana mkuu. Bila mkataba hapo imekula kwako, chukua hicho kidogo utafute pengine.

Mama Swaumu: Usimpotoshe mwenzio. Kukupa maelezo ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, asipokupa mkifika kwenye shauri ye ndo atathibitisha mlikubaliana nini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 41, anayelipwa kwa mwezi notisi yake ni siku 28, iwe kwa maandishi na sababu itajwe, akitaka uondoke leo leo akulipe hizo siku. Na kama ni kupunguzwa kweli kuna kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza, pia likizo ambayo hukwenda, na cheti cha utumishi. Hiyo karatasi USISAINI mdogo wangu.

fundi_wa_Tandika: Wahi CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayoshughulikia migogoro ya kazi, siku zinahesabika. Kupinga kuachishwa ni ndani ya siku 30, madai mengine kama notisi tu ni 60, we jaza yote kwa pamoja ndani ya hizo 30 kwenye fomu namba 1, nakala mpelekee mwajiri. Ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda na wanaweza kukataa.

Mleta uzi: Asanteni sana. Ushahidi sasa nipeleke nini, na kufungua shauri ni shilingi ngapi?

Mama Swaumu: Hulipi kitu. Chukua taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha mishahara, michango ya NSSF kama walikuwa wanapeleka, kitambulisho cha kazi, na meseji za meneja usifute hata moja. Wataanza na usuluhishi, waajiri wengi wanalipa hapo hapo.