Chombo gani cha kuwekea maganda jikoni kabla ya kupeleka kwenye mboji? Nimeaibika mbele ya mama mkwe

Mama Mnafu:
Habarini wadau, naombeni ushauri maana nimechoka. Niko Moshi, Pasua, nyumba ya kupanga ila nyuma kuna kauwanja nimelima mnafu na chainizi, pembeni nimechimba shimo la mboji na hilo shimo halina shida kabisa. Shida iko jikoni. Maganda yote ya ndizi, viazi, vitunguu, majani ya chai, nilikuwa naweka kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kubana, nasubiri ijae ndo nipeleke, na tuko wanne tu kwahiyo kujaa ni kama wiki nzima. Jumamosi mama mkwe kashuka kutoka Machame na mkungu wake wa ndizi, akakaa amenye za mtori, nikamwambia maganda tia humo mama. Akafungua. Vinzi vikamrukia usoni kama vumbi, na ndani kwenye ganda la embe funza wanatembea. Hakusema kitu, akafunika taratibu, akabeba sinia lake akaenda kumenyea nje. Bora angenigombeza.

Sasa nitafute ndoo inayobana zaidi, au chungu cha udongo, au ile ya stenlesi yenye kichujio cha mkaa kwenye mfuniko, nimeiona mtandaoni bei yake kama gunia zima la huo mkaa? Na ndani mnatandika nini, zamani ningetia rambo ila tangu 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, ndo hivyo tena.

Kijana wa Njiro:
Ya kichujio ninayo dada. Mwanzoni raha tupu, baadae kichujio kikalowa kikaanza kunuka chenyewe, na cha kubadilishia hapa Arusha nimezunguka mpaka nimechoka. Nikakitupa nikaweka kitambaa, maisha yanaendelea. Ila stenlesi yenyewe ni nzuri, haishiki harufu kama plastiki, ukiosha imeisha.

shem_wa_kibosho:
Mama mkwe wa Machame umwonyeshe funza 😂😂 pole sana. Sisi huku ndoo ya nini? Ganda likitoka mkononi linaenda kwenye shina la mgomba, lingine kwa ng'ombe, kwisha habari. Fuga hata kuku bana.

Mama Mnafu:
Shem mie sina kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani kama lenu, na kuku baba mwenye nyumba kakataza.

Mzee Shamba:
Mwanangu ndoo yako haina kosa la kutobana, kosa ni ukubwa. Lita 20 kwa watu wanne hilo ni shimo la pili umeliingiza ndani ya nyumba. Mayai ya nzi wa matunda mengi unakuja nayo mwenyewe kutoka sokoni, yako juu ya ganda la ndizi, na kwenye joto hili yai linakuwa funza kwa siku moja hivi, na nzi kamili ndani ya siku nane mpaka kumi. Ukikaa na ndoo wiki nzima unawafugia. Tafuta kitu cha lita 3 mpaka 5, mwaga kila siku, ukichelewa sana siku mbili.

Fundi Bomba:
Mimi napingana na mzee, yangu ina raba kwenye mfuniko inabana kwelikweli na nzi hata mmoja haingii.

Mzee Shamba:
Haingii, ila ukifungua unasikiaje hapo puani? Kubana ni kwa wanaofanya bokashi, wale wanaonyunyizia pumba zilizochachushwa, hapo hewa haitakiwi kweli. Bila zile pumba majimaji yanatuama chini, hewa hakuna, ndo unapata harufu ya yai viza.

Fundi Bomba:
Aisee harufu ipo sikatai 😅

Mama wa Sakina:
Mdogo wangu usinunue kitu. Nenda kwa wanaopika maandazi waulize kindoo kitupu cha lita 5 cha chakula, kisiwe kilichokuwa na rangi ya kupaka ukuta maana mboji unaipeleka kwenye mboga. Pasha msumari kwenye jiko, toboa mfuniko vitundu kama kumi, kwa ndani bandika kipande cha wavu wa mbu wa dirishani, hewa inapita nzi hapiti. Chini tandika trei la mayai lililochanwachanwa, linakunywa maji vizuri kuliko gazeti. Ukitia maganda rushia konzi ya maranda juu, fundi seremala yeyote anakupa bure, ila uliza kama mbao zimepigwa dawa, zikiwa na dawa achana nazo. Chungu nilijaribu, kizuri kwa macho lakini kinakunywa yale majimaji na harufu haitoki tena. Sufuria la alumini nalo malimao na nyanya zinalila mpaka linatoboka.

Dada Tengeru:
Na nyie wa kuku msiwape maganda ya parachichi wala kokwa, yana sumu kwa ndege, hata sungura na mbuzi. Kwenye mboji ni ruksa, ila kokwa ipige panga kwanza la sivyo utaikuta mwakani iko vilevile.

Kijana wa Njiro:
Kuna jamaa yangu anaweka maganda friza eti yakiyeyuka yanaoza haraka. Kweli yanaoza haraka, siku umeme umekatika ndo utajua.

Mama Mnafu:
Mrejesho, wiki mbili sasa. Kindoo nimepata kwa jirani wa maandazi, matundu nimetoboa na wavu nimebandika japo umekaa upande. Namwaga kila jioni nikitoka kumwagilia mnafu. Vinzi vimebaki viwili vitatu, nimevitegea siki na tone la sabuni ya vyombo kwenye kikombe. Ile ndoo kubwa iko nje ina majani makavu ya kuchanganyia shimoni. Ila dada wa kazi anatia mpaka ugali uliolala na vichwa vya dagaa.

Mama wa Sakina:
Ugali kidogo ufukie katikati, dagaa mpe paka, ukiviweka shimoni utaleta panya. Mama mkwe je?

Mama Mnafu:
Anakuja Jumapili. Kindoo nimekiosha mara mbili leo na leo ni Alhamisi.