Mafundi simu Mtwara mjini: tunawapa simu mfute picha, kwa nini mnabaki nazo?

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaki kuificha. Nawasema baadhi ya mafundi simu wa hapa mjini, hasa wale wa vibanda ambao ukipeleka simu imejaa wanakwambia "toa loki, niachie, pitia jioni".

Juzi nilimsindikiza mama mdogo kuchukua simu yake. Kazi aliyoagiza ilikuwa ndogo tu: kufutiwa picha zilizojirudia na video kubwa, maana msimu huu wa mnada wa korosho kundi lao la AMCOS (ushirika wa wakulima), kundi la ukoo na la kikoba yote yanarusha video usiku na mchana, na simu ilishafika mahali haipokei hata picha moja. Fundi akawa anamtafutia chenji, kompyuta yake iko wazi mezani. Kwenye kioo mafolda yamejipanga kwa majina ya wateja. Mama Fulani Tecno. Dada wa Chuno. Mwalimu Samsung. Na la mama mdogo lipo, na ndani yake ipo video ya singo, ile shughuli ya akina mama ya kumfunda bibi harusi, ya binti yake: akina mama wanacheza ndani, milango imefungwa, hata baba wa bibi harusi hakukanyaga. Nikamuuliza hii inafanya nini hapa. Jibu lake: "Nahifadhi, dada, msije mkasema nimewapotezea." Aliombwa na nani ahifadhi? Kompyuta hiyohiyo ndiyo anayowawekea watu nyimbo na muvi kwenye flashi na memori kadi siku nzima, na wateja wanaegemea meza wanachagua wenyewe. Mama mdogo alinyamaza njia nzima mpaka tunafika nyumbani.

Kumpa mtu simu afute si kumpa ruhusa ya kunakili. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ina Tume yake. Ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Msituambie eti ndiyo utaratibu wa kazi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe haihitaji fundi kabisa. Haihitaji hata bando. Kwa WhatsApp unaingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, halafu kusimamia hifadhi. Pale inakuwekea mafaili yanayozidi MB 5 peke yake na yaliyosambazwa mara nyingi peke yake, na ukigusa kundi moja unaona lote lilichokujazia, makubwa yakiwa juu. Mama mdogo nilimwonyesha akiwa amekaa barazani, akafuta mwenyewe zile video za mahubiri na vichekesho. Halafu tukazima ile ya kupakua picha na video zenyewe bila kuulizwa. Basi. Hiyo ndiyo kazi aliyolipia.

Za kujirudia nazo zina sababu. Kwenye Android ukipiga picha na kuituma WhatsApp, ya kwanza inabaki kwenye kamera na nyingine iliyopunguzwa ubora inakaa kwenye folda ya zilizotumwa. Shangazi akiipokea na kuituma upya kwenye kundi jingine, unaweza kuikuta tena. Kwa macho ni picha moja, kwa simu ni mafaili tofauti, kwa sababu WhatsApp imeibana. Kwa hiyo programu inayotafuta nakala zinazofanana herufi kwa herufi itaziruka hizo, lazima uzipitie kwa jicho lako mwenyewe, na ubaki na ile ya kamera ndiyo safi. Na hapo ndipo nauliza: fundi atajuaje ipi ya kubaki kwenye picha za marehemu bibi yako? Hajui. Anafagia tu.

Kwa zile zinazofanana kabisa, Files ya Google inazitafuta ndani ya simu hiyohiyo, data ikiwa imezimwa. Wenye iPhone, kuanzia iOS 16 ya mwaka 2022 programu ya Picha ina albamu ya zilizojirudia, unaziunganisha hapohapo. Video nazo ni hesabu ya kawaida: kwenye iPhone, dakika moja ya 1080p kwa mfumo wa zamani wa kuhifadhi video (H.264) inakula kama MB 130, na ya 4K kama MB 350. Dakika kumi za ngoma zimeshapita GB 1. Ukifuta video tatu za aina hiyo umepata nafasi kubwa kuliko kufuta picha mia.

Ila angalieni kapu. Ukifuta kwenye Google Photos, picha iliyokwisha kupandishwa mtandaoni inakaa kapuni siku 60, ambayo haijapandishwa siku 30. iPhone nayo inazishikilia mpaka siku 30. Nafasi hairudi mpaka umwage kapu, na yeyote uliyempa simu pamoja na loki yake anaweza kuzirudisha. Na kama simu imeunganishwa na Google Photos, ukifutia humo inafutika na kule mtandaoni. Wapo mafundi wanaofuta hivyo bila kumwambia mwenye simu.

Nyingine inayonikera ni hizi programu za "kusafisha simu" wanazotupachikia. Niliifungua moja kwenye simu ya mama mdogo: inataka majina ya simu, inataka kujua ulipo, inataka meseji. Kufuta picha na namba ya mjomba wako wa Newala vinahusiana nini? Nimeiondoa.

Mafundi, kama kazi ni ya kioo au chaji, hakuna haja ya patani (loki) ya mtu. Simu nyingi za Samsung za miaka hii zina hali ya matengenezo inayoficha picha na meseji wakati simu iko kwako. Mwelekeze mteja aiwashe. Kama ni ya kufuta, ifanye mbele yake, kioo kikimtazama yeye. Na hayo mafolda yafuteni, mwenye simu akiwa amesimama hapo anaona.

Dada zangu wa Mtwara, Mikindani, Masasi mpaka Lindi, aliyekutwa na hili aseme hapa, bila kutaja jina lake wala la kibanda. Na mwenye uzoefu wa kupeleka malalamiko kwenye ile Tume akiwa huku kusini, naomba anieleze alianzia wapi na walimdai vielelezo gani, maana picha ya hiyo kompyuta sikuipiga, ila tuliiona wawili.