Kuchora mimea kwa rangi za maji: karatasi laini au yenye vishimo?

Kifabakazi_EBB: Wakuu, nataka kuchora ua la kifabakazi (Spathodea campanulata) kwa ukubwa wake halisi. Nina karatasi tatu mbele yangu: laini ya pamba 100%, gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba yenye vishimo, gramu 300, na laini ya selulosi, gramu 200, hii ndiyo rahisi kwa bei. Nichukue ipi?

Brashi4: Laini ya pamba. Kwenye vishimo ncha ya brashi inarukaruka, na ule ukingo wa njano wa petali utatoka umechanikachanika. Ila karatasi laini haina subira: ukirudi na brashi sehemu ikiwa nusu kavu, unang'oa rangi ya chini au maji yanasukuma rangi na kuacha madoa yenye kingo za kujikunja. Lowesha petali moja tu kwa maji safi, ngoja dimbwi lipotee libaki kung'aa kidogo, dondosha rangi, kisha uiache. Kabla ya tabaka la pili gusa kwa mgongo wa mkono. Pakiwa baridi, bado pana unyevu. Matabaka mepesi manne au matano, halafu brashi karibu kavu kwa mishipa.

Mama Rangi: Nakubali kwa ua, si kwa majani. Jani pana linapakwa kwa utulivu zaidi kwenye vishimo, maana maji yanakaa muda mrefu. Selulosi ibaki ya kujaribia rangi: tabaka la tatu linaanza kuchimbua la kwanza. Na mchoro wa penseli uufanye kwenye karatasi nyingine, kisha uuhamishe kwa kufuatisha. Kifutio kinakwangua jelatini ya juu, ile inayozuia rangi isizame, na pale rangi itazama iwe doa jeusi lisilotoka.

Kifabakazi_EBB: Asante nnyabo. Sasa gramu 200 haitajikunja?

Brashi4: Itajikunja. Hata 300 hujikunja ukiilowesha yote, lakini kwa petali moja moja huhitaji kuibana ubaoni.

Jirani wa Ziwa: Entebbe kuna unyevu, ssebo. Karatasi ikikaa wazi kabatini jelatini inaharibika, na rangi inanyonywa kama kwenye tishu. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vipakiti vya silika.

Kuhusu rangi, soma namba ya rangi kwenye tyubu, si jina. PR255 (nyekundu) na PY154 (njano) zinakupa ule wekundu wa machungwa. Kivuli kisiwe cheusi. Ongeza PB29 (bluu) kidogo sana, ikizidi inakuwa tope. PR83 (nyekundu ya alizarini) iache, inafifia kwa mwanga. Chuma ua asubuhi na ulianze hilo kwanza, majani yatasubiri. Na uangalie kikombe chake, kile kinachoshika petali chini: kimepasuka upande mmoja tu, kama jahazi. Wengi wanakichora kama kengele, na hapo mtu wa botania anajua hukutazama.